SOMO KWA WAKORALI: THOMAS DORSEY NA NYIMBO ALIZOZIPELEKA MWENYEWE



Someni kwanza mwanzo wa Zaburi 40, kisha 1 Wakorintho 9:7-14. Andiko la kwanza ni juu ya wimbo mpya, la pili ni juu ya mfanyakazi na chakula chake. Tumeyaweka pamoja kwa kusudi, kwa maana katika korali zetu la kwanza tunalipenda, la pili tunaliruka.

Thomas Dorsey alizaliwa mwaka 1899 Villa Rica, jimbo la Georgia, Marekani. Baba yake alikuwa mhubiri. Lakini kijana alijitafutia chakula katika muziki wa dunia: mwaka 1924 aliongoza bendi ya Ma Rainey, mwimbaji mkubwa wa bluzi. Kisha huzuni nzito ikamshika hata akashindwa kufanya kazi muda mrefu. Katika miaka ile ya taabu akageukia nyimbo za injili.

Hapo kazi ngumu ikaanza. Hakuna kampuni iliyomwita. Alichapa wimbo wake kwenye karatasi, akaazima dola 5, akatuma nakala 500 kwa makanisa. Akangoja, maagizo hayakuja. Alipokwenda mwenyewe, wachungaji wengi walimkataa, kwa sababu walisikia bluzi ndani ya piano yake. (Tusiwahukumu haraka, kweli ilikuwemo.) Mwaka 1928, mfuko ukiwa mtupu, alirekodi pamoja na Tampa Red wimbo wa mzaha wa kihuni, nao ukauzwa sana. Hatulifichi jambo hili. Wako kati yenu walioitwa kupiga gitaa kwenye baa wakati pesa ya minervali ya watoto imekosekana, nao wanajua vita ile.

Mwaka 1930, katika mkutano mkubwa wa Wabaptisti mjini Chicago, wimbo wake mmoja uliimbwa na watu wakautaka. Ndipo akafungua nyumba yake ya kuchapa nyimbo, yeye mwenyewe mtunzi, mpiga piano na mwuzaji.

Lakini hesabu zilimshinda. Aliyemsaidia ni Sallie Martin, mwimbaji ambaye hakujua kusoma noti. Mama huyu aliona pesa zinavyowekwa ovyo, akazipanga. Walizunguka miji, wakiimba, wakianzisha korali, wakiuza karatasi za nyimbo. Mwaka 1940 alimwacha Dorsey, akaanza nyumba yake ya kuchapa pamoja na Kenneth Morris. Mtu wa daftari naye alijua thamani ya kazi yake.

Mwezi wa 8, 1932, Dorsey alikuwa St. Louis katika mkutano wa injili. Mkewe Nettie, aliyekuwa mja mzito, alibaki Chicago. Simu ya maandishi ikamfikia: Nettie amekufa katika kujifungua. Mtoto naye akafa upesi. Dorsey alimnung'unikia Mungu, akataka kuacha nyimbo za injili kabisa. Siku chache baadaye aliketi kwenye piano, akashika sauti ya wimbo wa zamani wa kanisa, akaigeuza, akaweka maneno yake: ombi la mtu aliyechoka anayetaka kushikwa mkono. Ndio wimbo uitwao "Take My Hand, Precious Lord". Angalieni, hakuutunga ili kuwafurahisha watu. Hata hivyo ndio uliobeba wengi. Mahalia Jackson, aliyesafiri na Dorsey miaka mingi akizitangaza nyimbo zake, aliuimba mwaka 1968 katika maziko ya Martin Luther King.

Dorsey alifariki mwaka 1993 mjini Chicago, akiwa na umri wa miaka 93.

Maswali ya kujadiliana: Katika daftari la nyimbo la korali yenu, majina ya watunzi yameandikwa? Wimbo ukirekodiwa na kuuzwa, ni nani anayeshika hesabu, na mtunzi anaonyeshwa? Mtunzi wenu akifiwa, mnamwacha alie, au mnamdai wimbo wa Jumapili?