Chupa hizi zinakwenda wapi?

Swali: Mjukuu wangu wa miaka 5, hapa Ujiji, anauliza waokota makopo hupeleka wapi chupa zetu. Nimjibu nini?

Jibu: Bibi, mpeleke kwa mnunuzi akaone kiroba kikitundikwa kwenye mizani, maana chupa huuzwa kwa kilo. Mwache azikanyage na kufungua vifuniko. Watoto hupenda sana kazi hiyo. Kisha mweleze: kiwandani plastiki husagwa, huoshwa, huyeyushwa, na nyingine hurudi ikiwa ndoo au beseni.

Asifichwe kwamba si zote zinazofika huko. Mkiwa ufukweni Kibirizi kununua dagaa, mwonyeshe zilizokwama mchangani. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470 na mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachozama humo hakitoki upesi.