Simu Inavyongoja Wito Bila Kumaliza Betri: Maswali na Majibu

Simu iko mfukoni, haipigi wala haipigiwi. Betri yake inaliwa na nini?

Inaliwa na kusikiliza. Mnara haujui ni saa ngapi mtu wa Goma atampigia nduguye aliye Kindu, na simu ya huyo ndugu haijui pia, kwa hiyo kipokezi lazima kiwe tayari. Kikishawashwa, saketi za kukuza mawimbi, kuchagua masafa na kusoma ujumbe hutumia umeme ule ule, hewani kuwe na wito au kusiwe na kitu. Katika vifaa vidogo vya redio, kuungoja ujumbe mara nyingi hugharimu zaidi kuliko kuupokea. Mahali ambako watu wengi huchaji simu kwa sola au kwa kulipia kwenye vibanda, gharama hiyo huonekana mfukoni kabisa.

Je, simu husikiliza muda wote?

Hapana. Hulala, huamka kwa kitambo, husikiliza zamu yake, kisha hulala tena. Katika mtandao wa GSM, ule wa 2G unaotumiwa na simu nyingi za vitufe, mnara hutangaza wito kwa zamu zinazopangwa kutokana na namba ya utambulisho iliyo ndani ya laini. Zamu ya simu moja hurudi kila baada ya sekunde 0.47 hadi 2.12, kadiri kampuni ilivyochagua. Wito wenyewe huja katika vipande 4 vya mawimbi, kila kimoja chini ya milisekunde 1. Kwenye 4G zamu hurudi kila sekunde 0.32 hadi 2.56. Sehemu ya ule ukimya mfupi anaousikia mpigaji kabla ya simu kuanza kuita ni mnara unaongojea zamu ya mpigiwa ifike.

Mnara hufanya nini ili wito wa simu nyingi utoshe katika zamu fupi?

Hufupisha majina. Kila simu hupewa namba ya muda iliyo fupi, na kwa namba hizo ujumbe mmoja wa GSM unaweza kuita simu 4, ilhali kwa namba kamili za laini ungeita 2 tu.

Kwa nini betri huisha upesi mtu anapotoka Kindu kwa chombo cha mtoni?

Kutoka Kindu kuelekea Ubundu, mto Lualaba hupitika kwa kilomita zipatazo 300, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni msitu. Simu ikipoteza mnara haina tena zamu ya kufuata. Huanza kupekua masafa moja baada ya jingine, kipokezi kikiwa wazi. Ikipata mnara wa mbali, hujitambulisha kwa nguvu kubwa, na kutuma kwa mbali ni miongoni mwa kazi nzito zaidi ambazo simu hufanya. Msafiri atakayeizima au kuiweka katika hali ya ndege hadi afike penye mtandao ataokoa betri nyingi kuliko kwa kupunguza mwanga wa kioo.

Kwa kifaa kidogo kuliko simu, tuseme kipimo cha kina cha maji kando ya mto, mbinu ya zamu inatosha?

Inatosha ikiwa kuchelewa si hatari. Katika NB-IoT, mtandao wa vifaa vya aina hiyo, zamu inaweza kurudi baada ya karibu saa 3. Kifaa kinaweza hivyo kudumu muda mrefu sana kwa betri moja, lakini amri ya kupima mara moja wakati mto unafurika inaweza kukikuta usingizini.

Suluhisho ni kukipa sikio la pili. Kipokezi kikuu huzimwa kabisa, na pembeni yake hubaki kipokezi kidogo ambacho kazi yake ni moja: kutambua ishara ya kuamsha. Ishara hiyo huwekwa nyepesi makusudi. Mawimbi yakiwepo ni 1, yasipokuwepo ni 0. Kuisoma hakuhitaji saketi ghali. Inatosha kupima ukubwa wa mawimbi, kanuni ile ile iliyoziwezesha redio za fuwele za miaka ya 1920 kupokea matangazo bila betri yoyote. Kiwango cha Wi-Fi kiitwacho 802.11ba, kilichoidhinishwa mwaka 2021, kimejengwa juu ya wazo hili, lengo likiwa matumizi yasiyozidi miliwati 1. Kasoro yake ni kwamba sikio hilo ni zito: mtumaji lazima awe karibu, au atume kwa nguvu au kwa muda zaidi. Ishara lazima pia ibebe anwani, la sivyo kelele za hewani zitaamsha kifaa ovyo.

Kipi humfaa mpokeaji: ujumbe wa polepole au wa haraka?

Hapa ndipo mazoea huwapotosha wahandisi. Tangu Claude Shannon alipochapisha nadharia yake ya mawasiliano mwaka 1948, inajulikana kwamba kutuma polepole juu ya masafa mapana hupunguza nishati anayohitaji mtumaji kwa kila biti. LoRa, mfumo wa redio wa vifaa vidogo, hufuata njia hiyo: katika hali yake ya polepole zaidi ujumbe wa baiti chache huchukua zaidi ya sekunde 1, nao husikika mbali sana. Lakini hesabu hiyo ni ya mtumaji. Mpokeaji hulipia kila milisekunde anayokuwa macho. Penye umbali mfupi, ujumbe uliotumwa kwa nguvu na kwa haraka humruhusu alale mapema, na ndio unaomfaa.

Basi mzigo wote unaangukia mnara?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na nchini Kongo hilo si jambo dogo, kwa kuwa minara mingi haina umeme wa uhakika wa gridi na hutegemea dizeli, betri na sola. Katika GSM, masafa makuu ya kila mnara hutangaza mfululizo kwa nguvu moja hata usiku ambapo hakuna anayepiga, ili simu ziweze kuyapima. 4G hutuma alama zake za rejea kila milisekunde 1. 5G imelegeza utaratibu huo: alama zake za kujitangaza kwa kawaida huja kila milisekunde 20, na zinaweza kuachana hadi 160, hivyo katikati mnara nao hupata nafasi ya kuzima vikuza-mawimbi vyake.