Kupanga Msimu wa Michezo ya Kuigiza katika Ukumbi Mdogo wa Chuo

Twafundisha fasihi katika chuo ambacho ukumbi wake una jukwaa la upana wa hatua saba, mlango mmoja wa kuingilia wachezaji, na mabenchi yanayotosha watu 120. Mchana ukumbi huo ni bwalo la chakula. Muhula ujao tumekusudia kuonyesha humo michezo mitatu ya kuigiza, mmoja kila mwezi. Katika makala haya twapenda kuwaeleza walimu wenzetu sababu za kuichagua, na hasa sababu za kuipanga kama tulivyoipanga, kwa maana ni mpango huo uliotushinda mwaka jana.

Mwaka jana tulifungua msimu kwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Tulidhani kwamba mchezo mkubwa ndio unaofaa kutangulia. Tukawapandisha wanachuo 40 katika hatua zile saba. Vita vilipoanza, bunduki za miti ziligongana, askari mmoja akaangukia mtungi wa maji, mtungi ukapasuka, na watazamaji wakacheka. Kicheko si dhambi katika ukumbi wa michezo. Lakini hicho kiliendelea hata Kinjeketile alipoletwa amefungwa, na kijana aliyemwigiza akayasema maneno yake mazito mbele ya watu waliokwisha kuamua kwamba maji yale yalikuwa mzaha tangu mwanzo. Kesho yake tuliuliza darasani: kwa nini Kinjeketile alikataa kuyakana maji? Wengi walijibu kwamba alikuwa mkaidi.

Jibu hilo lilitutia aibu sisi wakufunzi. Katika mchezo huu Kinjeketile anajua kwamba neno alilolitoa limekwisha kumtoka mikononi na kuwa na nguvu kumpita yeye mwenyewe. Hata hivyo anakataa kusema kwamba lilikuwa uongo, kwani akisema hivyo, watoto na wajukuu wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Mtazamaji ambaye hakuyaamini maji hata kwa dakika moja hawezi kuuona uzito wa uamuzi huo. Wala haitoshi kumsimulia historia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, au habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa mwaka 1905. Hussein mwenyewe alikwisha kututahadharisha tusimchanganye mtu wa historia na mhusika wake.

Basi tumeamua kwamba Kinjeketile atakuja mwisho, baada ya michezo miwili itakayowaandaa wachezaji na watazamaji pia.

Tutaanza na Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, na kila wanapojaribu, jambo jingine linawavuta kando. Mchezo huu hauhitaji mapazia wala nyumba za karatasi. Wahitaji gogo, kamba, na watu wanaojua kuvuta pamoja na kuachia pamoja. Hapo ndipo wanachuo watakapojifunza jinsi kundi linavyosogea katika nafasi finyu bila kugongana. Zaidi ya hayo, umo usimulizi na wimbo, mambo ambayo watazamaji wetu wameyazoea tangu hadithi za jioni nyumbani. Watajibu wanapoitwa, na hilo ndilo tulitakalo: wajue tangu mwezi wa kwanza kwamba wao si wageni katika ukumbi ule.

Mchezo wa pili ni Mashetani, wa Hussein pia, uliochapishwa mwaka 1971. Vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo ndani ya mchezo: mmoja Shetani, mwingine Binadamu. Nyuma ya urafiki wao kuna jamaa iliyopoteza mali na jamaa iliyoipata, na kivuli cha Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Twakiri kwamba ni mchezo mgumu, na mkufunzi mmoja alitushauri tuuache. Hatukumsikiliza, kwani ukumbi mdogo una faida moja isiyopatikana katika ukumbi mkubwa: aliye benchi la mwisho auona uso wa mchezaji. Mashetani utawafundisha wanachuo kunyamaza jukwaani na kuuachia ukimya ufanye kazi yake.

Mwezi wa tatu, Kinjeketile wa safari hii atakuwa na wachezaji 14, wengine wakishika nafasi mbili. Vita havitaonekana. Taa itazimwa, ngoma italia nyuma ya mlango, kisha itakatika. Lakini maji yataonekana: Kinjeketile atayanyunyiza hadi benchi la tatu, na watakaolowa watakaa na unyevu ule mpaka mwisho.

Kuhusu kazi ya darasani tumejiwekea sharti moja. Hakuna mwanachuo atakayeandika juu ya dhamira na wahusika kabla hajauona mchezo. Usiku wa kuonyesha tutauliza maswali mawili tu: ni wapi ulimwamini mhusika, na ni wapi uliacha kumwamini? Uchambuzi utaanzia katika majibu hayo. Kisha kila mwanachuo ataandika andalio la somo kwa shule isiyo na ukumbi, yenye kivuli cha mwembe na wanafunzi 60, maana huko ndiko wengi wao watakakopangiwa kazi.

Wapo walimu wanaosema kwamba mazoezi hula muda wa mtihani. Ni kweli. Mwaka huu tumepunguza vipindi vinne vya ushairi, na hatujaridhika na jambo hilo. Mazoezi yenyewe tumeyaweka saa kumi na moja jioni, kabla bwalo halijahitajika kwa chakula cha usiku, na wapishi wamekubali kuchelewesha meza kwa nusu saa siku za Jumanne na Alhamisi.

Gogo la Nguzo Mama limekwisha kupatikana, kutoka katika mti ulioanguka nyuma ya bweni. Wanachuo wanne walijaribu kuliinua wakashindwa, wakatuomba tulichonge liwe jepesi. Tumeliacha kama lilivyo.