Balbu ya LED kwenye holda ya zamani

Swali: Je, balbu ya LED inaweza kufungwa kwenye taa ya zamani bila kubadilisha holda?

Jibu: Mara nyingi inaweza, kinachoamua ni kitako. Tanzania na Kenya holda nyingi za dari ni za pini, B22: umeme ukishazimwa kwenye swichi kuu, balbu husukumwa juu kidogo na kuzungushwa mpaka ikamate. Nyingine ni za skrubu, E27, yaani kitako cha milimita 27. Holda ya plastiki iliyogeuka kahawia na kupasuka kwa joto la balbu za waya ibadilishwe tu, maana haiikamati pini sawasawa.

Wati zilizoandikwa kwenye taa ni kikomo cha joto, si kipimo cha mwanga. LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800, karibu sawa na balbu ya waya ya wati 60. Tabu iko kwenye globu ya kioo iliyofungwa kabisa: joto hukosa pa kutokea, na saketi iliyo shingoni mwa balbu huungua mapema. Swichi ya kupunguza mwanga nayo huifanya LED ya kawaida ipepese. Huhitajika iliyotengenezwa kwa swichi hiyo.