Kompyuta Zitoke Kabatini: Mwongozo wa Kufundisha Stadi za Kidijitali katika Shule za Sekondari

Kijitabu hiki ni cha nani

Kimeandikwa kwa ajili ya wakuu wa shule za sekondari, walimu, wajumbe wa bodi za shule na wazazi wa Tanzania. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024, zimeipa TEHAMA uzito mkubwa, kwa mwanafunzi wa mkondo wa jumla na wa mkondo wa amali pia.

Vifaa vimekuwa vikifika kidogo kidogo. Zipo shule zilizopata kompyuta kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, nyingine zimesaidiwa na wanafunzi waliowahi kusoma hapo, na walimu wamegawiwa vishikwambi vilivyotumika kwanza katika Sensa ya mwaka 2022. Hata hivyo, zipo pia shule ambazo chumba cha kompyuta kina kufuli muda wote, mashine zimefunikwa vitambaa, na wanafunzi wananakili ubaoni majina ya sehemu za kompyuta. Ukiuliza, utaambiwa vifaa havitoshi na vinaogopewa kuharibika.

Msimamo wetu ni huu: kompyuta chache zinazotumika kila siku zinafundisha kuliko nyingi zinazotunzwa, na sehemu kubwa ya somo hili haihitaji kompyuta kabisa.

Mwanafunzi ajue nini

Anapomaliza kidato cha nne, mwanafunzi awe na mambo matatu:

1. Kutumia. Aweze kuandika barua, kupanga hesabu kwenye lahajedwali, kuhifadhi faili akalipata siku nyingine, na kutafuta taarifa akazipima kabla ya kuziamini.
2. Kuelewa. Ajue kwamba kompyuta inafuata maelekezo hatua kwa hatua, na aweze kuandika maelekezo hayo mwenyewe.
3. Kujilinda. Atambue utapeli, atunze namba zake za siri na aheshimu taarifa za wenzake.

Mwanafunzi anayeweza kutaja kwamba kibodi ni kifaa cha kuingizia data lakini hajawahi kuandika jina lake kwenye kibodi hiyo, bado hajaanza somo.

Kipindi kisichohitaji umeme

Mwalimu anaandika namba moja kati ya 1 na 100 kwenye karatasi, anaikunja na kuiweka mezani. Darasa linaitafuta kwa maswali ya ndiyo au hapana tu.

Mwanzoni watabahatisha. Ni 17? Hapana. Ni 60? Hapana. Baada ya muda atatokea mmoja atakayeuliza, "Inazidi 50?" Jibu likiwa hapana, namba 50 zimeondoka kwa swali moja. "Inazidi 25?" Namba nyingine 25 zimeondoka. Kwa kukata nusu kwa nusu hivi, maswali 7 yanatosha kuipata namba yoyote. Sasa waulize: zingekuwa namba 1000, yangehitajika maswali mangapi? Wengi watasema 70. Jibu ni 10.

Hapo mwalimu aeleze kwamba ndivyo kompyuta inavyoweza kutafuta jina katika orodha ndefu, kwa sharti moja: orodha iwe imepangwa. Kipindi kinachofuata kinajileta chenyewe, yaani namna ya kupanga. Wanafunzi wanane wasimame mbele bila mpangilio na wajipange kwa urefu, kila mara wakilinganishwa wawili tu, na darasa lihesabu idadi ya ulinganisho.

Mazoezi mengine mawili ya chaki na daftari:

- Kuhesabu kwa vidole. Kidole gumba kiwe 1, kinachofuata 2, kisha 4, 8 na 16. Kidole kilichonyooka kinahesabiwa, kilichokunjwa hakihesabiwi. Mkono mmoja unafika 31. Huo ndio mfumo wa namba unaotumiwa na kompyuta.
- Kuandika algoriti. Kila mwanafunzi aandike hatua za kutuma pesa kwa simu, kisha mwenzake azifuate neno kwa neno. Salio lisipotosha, maelekezo yanasemaje? Jina la mpokeaji likija tofauti? Aliyesahau kuweka "ikiwa… basi…" atagundua kwamba maelekezo yake yamekwama njiani.

Kompyuta 12, wanafunzi 48

Darasa ligawanywe mara mbili. Katika kipindi cha mkupuo cha dakika 80, wanafunzi 24 wanakaa wawiliwawili kwenye kompyuta, na 24 wanafanya kazi ya daftari katika chumba hicho hicho. Zikipita dakika 40 wanabadilishana.

Katika kila jozi, mmoja anashika kibodi na kipanya, mwingine anaelekeza kwa mdomo bila kugusa kitu. Kila baada ya dakika 10 wanabadilishana viti. Mwalimu asimamie mabadilishano hayo mwenyewe, maana akiwaachia, aliyezoea kompyuta nyumbani ndiye atakayeshika kipanya mpaka kengele ilie.

Wasichana waangaliwe kwa namna ya pekee. Muda wa mazoezi ya ziada ukiwekwa jioni, wengi wao watakuwa wameshaondoka kuwahi usafiri na kazi za nyumbani. Muda huo uwe mchana, na wawe na zamu yao kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni.

Kazi ya kwanza yenye maana

Badala ya kufundisha lahajedwali kwa mifano ya kubuni, chukueni mauzo ya duka la shule. Safu A iwe jina la bidhaa, safu B idadi iliyouzwa, safu C bei. Kwenye kisanduku D2 mwanafunzi aandike =B2*C2 na kuiburuta fomula hiyo mpaka chini. Tuseme daftari 15 zimeuzwa kwa shilingi 1000 kila moja: D2 itaonyesha 15000. Sasa mwambie abadilishe bei kuwa 1200 asiguse kitu kingine. D2 itageuka yenyewe kuwa 18000, na jumla ya chini nayo itapanda.

Wakati huo ndipo mwanafunzi anapoona tofauti ya kompyuta na kikokotoo. Na duka la shule limepata hesabu zake bila gharama.

Mwalimu wa Jiografia anaweza kutumia lahajedwali hilo hilo kuchora grafu ya mvua, na mwalimu wa Baiolojia kuchora ukuaji wa mche wa mahindi. Stadi za kidijitali si mzigo wa mwalimu mmoja.

Intaneti ikikosekana

Kukosa bando si sababu ya kufunga chumba. Programu zifuatazo ni za bure, na zikishawekwa hufanya kazi bila intaneti:

- LibreOffice, kwa kuandika barua, lahajedwali na mawasilisho.
- Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, ambayo humfundisha mwanafunzi kupanga maelekezo kwa kuunganisha vipande vya rangi.
- Kiwix, inayowezesha kusoma Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, kutoka kwenye diski.
- Kolibri, ambayo huhifadhi masomo na video katika kompyuta moja, na kompyuta nyingine zikayachukua hapo kupitia ruta ya kawaida.

Mwalimu anaweza kuzipakua mjini akiwa na mtandao mzuri, akazileta kwenye diski.

Umeme, vumbi na virusi

Kabla ya kununua, pigeni hesabu. Chukulia kompyuta moja ya mezani pamoja na kioo chake inatumia wati 150. Kompyuta 10 zitatumia wati 1500, yaani uniti 1.5 za LUKU kila saa. Kompyuta mpakato 10 za wati 50 zitatumia uniti 0.5 tu, na umeme ukikatika kipindi kinaendelea kwa betri. Shule inayotumia sola izingatie hilo zaidi.

Vumbi linaziba feni, mashine inapata joto na kujizima. Futeni meza kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagia kwa nguvu, na kila likizo mashine zifunguliwe na kupulizwa na mtu anayejua kazi hiyo. Flashi ndiyo njia kuu ya virusi mahali pasipo na intaneti: itengwe kompyuta moja ya kukagulia flashi zote kabla hazijachomekwa kwingine.

Na kifaa kikiharibika? Kiandikwe kwenye daftari la matengenezo, na mwanafunzi asiadhibiwe kwa uharibifu wa bahati mbaya. Akichapwa mmoja kwa kufuta faili, wenzake hawatagusa kitu tena.

Ujumbe wa "ile hela"

Karibu kila mwenye simu ameshapokea ujumbe unaosema ile hela itumwe kwenye namba nyingine. Uleteni darasani. Ubaoni andikeni maswali matatu: Aliyeutuma anajua jina lako? Kwa nini hataji kiasi? Kwa nini unafanikiwa?

Jibu la swali la tatu ni hesabu. Ujumbe huo unatumwa kwa maelfu ya namba, na katika maelfu hayo hatakosekana mtu ambaye kweli alikuwa anataka kumtumia ndugu yake hela siku hiyo. Mwanafunzi akilielewa hilo, atamwelewesha na bibi yake kijijini. Awafundishe pia watu wa nyumbani kwamba namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, na kwamba *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao.

Sheria nazo zitajwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia kumnyanyasa mtu mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Kwa hiyo hata shule ijiulize kabla ya kurusha picha na taarifa za wanafunzi kwenye kundi la WhatsApp.

Akili unde na kazi za nyumbani

Kuipiga marufuku hakutazuia kitu, maana simu ziko nyumbani. Njia bora ni kuipima mbele ya darasa. Iulizeni historia ya kata yenu au jina la kilima mnachokiona dirishani, kisha wanafunzi wahakiki sentensi moja moja kwa kuwauliza wazee. Watakuta mengine ni sahihi na mengine yametungwa kwa lugha ile ile ya kujiamini. Baada ya hapo, anayeleta insha aulizwe maswali mawili kwa mdomo kuhusu alichoandika.

Maswali ya wazazi

*Mwanangu atajifunza nini ikiwa nyumbani hatuna kompyuta?* Atajifunza shuleni, mradi chumba kiwe wazi. Wewe muulize kila wiki amefanya nini kwa mikono yake.

*Simu haitoshi?* Simu inatosha kwa kusoma na kuwasiliana. Kuandika ripoti ndefu, kupanga hesabu za biashara na kutengeneza programu kunahitaji kibodi na kioo kikubwa.

*Somo hili halitamwondoa kwenye Hisabati?* Zoezi la namba 1 hadi 100 ni Hisabati tupu.

Nani afanye nini muhula huu

- Mkuu wa shule: abandike ratiba ya chumba cha kompyuta mlangoni, na ufunguo wa pili akabidhiwe mwalimu wa zamu.
- Mwalimu wa TEHAMA: awafundishe wenzake lahajedwali kwa saa moja kila wiki, akianzia na jedwali la alama za mitihani.
- Walimu wa masomo mengine: kila mmoja apeleke darasa lake kwenye kompyuta angalau mara moja kwa mwezi.
- Bodi ya shule: itenge fedha za matengenezo na uniti za umeme kabla ya kuomba kompyuta mpya.
- Mzazi: kwenye kikao, asiulize tu shule ina kompyuta ngapi. Aulize wiki iliyopita zimetumika saa ngapi, na watoto wangapi walizigusa.