Mwanzo wa Ugonjwa wa Alzheimer: Mabadiliko ya Hisia na Utendaji Yanayoweza Kutazamiwa Nyumbani

Ugonjwa wa Alzheimer, ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906, ndio chanzo kikuu cha dimensia, yaani hali ya akili kudhoofika kiasi cha mtu kushindwa kujiendeshea maisha yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, dalili zake za mwanzo huitwa uzee tu, na kwa kuwa uzee hautibiki, familia huishia kungoja. Kungoja huko ndiko hasara kubwa, kwa maana mabadiliko ya mwanzo yana mpangilio unaoweza kutazamiwa, ingawa hakuna daktari awezaye kutaja mwezi yatakapofika.

Utendaji, yaani uwezo wa kutekeleza shughuli za kila siku, haupotei wote kwa pamoja. Zinazotangulia kuyumba ni shughuli zenye hatua nyingi na hesabu, ilhali kuoga, kuvaa na kula huweza kubaki salama kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo nyanya anayejivika vizuri na kusalimia kila jirani kwa jina anaweza kuwa tayari ameanza kukosea namba ya siri ya M-Pesa, kuingiza tokeni za stima zilezile mara mbili, au kuacha sufuria ikiungua kwenye meko. Baba mwenye ploti aliyekuwa akikusanya kodi bila daftari huanza kumdai mpangaji aliyekwisha kulipa, na mweka hazina wa chama, aliyesifiwa kwa hesabu zake, hurudia kuzihesabu pesa bila kupata jumla. Kipimo cha haki si kumlinganisha mzee na kijana, bali kumlinganisha na alivyokuwa yeye mwenyewe miaka miwili au mitatu iliyopita.

Hisia nazo hubadilika mapema, wakati mwingine kabla usahaulifu haujaonekana, na hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Badiliko la kawaida zaidi ni kupoa kwa ari: aliyependa kwaya au mikutano ya chama hukaa kitini siku nzima, si kwa uvivu, bali kwa sababu sehemu za ubongo zinazoamsha nia zimeguswa. Hali hiyo hutofautiana na unyogovu, yaani huzuni nzito ya kudumu, kwa kuwa aliyepoa ari huwa hasikitiki wala hajilaumu. Mwenye unyogovu hulia, hukosa usingizi na hujiona mzigo, naye hutibika. Shaka pia huingia, na pochi iliyosahaulika chini ya godoro hugeuka shtaka la wizi dhidi ya msaidizi wa nyumbani. Wataalamu huzingatia hasa tabia mpya zinazoanza baada ya umri wa miaka 50 na kudumu miezi sita au zaidi, kwa kuwa huashiria hatari kubwa zaidi ya dimensia baadaye, japo si kila aliye nazo ataipata.

Utendaji na hisia huathiriana. Mzee anayekosolewa mbele ya wajukuu kwa kukosea chenji ya matatu huona haya, hujitenga, na kujitenga huko humpunguzia mazoezi ya akili aliyobaki nayo. Hasira yake, ikichunguzwa, mara nyingi hufuata kushindwa kazi fulani. Ndiyo sababu daftari dogo lenye tarehe, tukio na kilichotangulia tukio hilo lina thamani kubwa kuliko kumbukumbu za mdomo, kwani huonyesha ni kazi ipi inayofuata kuhitaji msaidizi. Mambo ya ploti, hati na akaunti ya benki yazungumzwe mapema, mzee mwenyewe akiwa bado anaelewa na kuamua.

Badiliko la ghafla, la saa au siku chache, halifuati mwendo huu wa polepole. Mara nyingi husababishwa na maambukizi, upungufu wa maji mwilini au mchanganyiko wa dawa, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa udhaifu na upungufu wa vitamini B12 pia huweza kuiga dimensia. Shinikizo la damu na kisukari, ambavyo wahamasishaji wa afya ya jamii huweza kuvipima nyumbani, huongeza hatari, sawa na uziwi usioshughulikiwa.

Ingawa mabadiliko haya wakati mwingine huhusishwa na uchawi, uchawi hauna nafasi katika maelezo yake. Mwaka 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi, na mzee anayetangatanga usiku akinena yasiyoeleweka yuko katika hatari hiyohiyo popote ujinga unapotawala.

Kaya inayoona mabadiliko haya impeleke mzee kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ikiwa na daftari lake na dawa zote anazotumia, na iulize kuhusu rufaa ya kwenda hospitali ya Mama Lucy Kibaki, ya Mathari au ya Kitaifa ya Kenyatta.