Kwaya ya Watu wa Torgau

Mtume Paulo aliwaagiza Wakolosai wafundishane kwa kuimba (Kol. 3:16). Basi na tuitazame leo kwaya moja iliyovunjwa, na nyingine iliyozaliwa mahali pake, tupate kujifunza.

Johann Walter alizaliwa mwaka 1496 huko Kahla, katika Ujerumani. Alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya ya Friedrich, mtawala wa Sachsen. Mwaka 1524 alitoa kitabu cha nyimbo 43: 38 za Kijerumani na 5 za Kilatini. Luther alikiandikia dibaji, akieleza kwamba yafaa vijana wapate nyimbo njema badala ya zile za upuzi. Kila sauti ilikuwa na kijitabu chake. Hivyo hapakuwa na mtu awezaye kuukamilisha wimbo peke yake.

Mwaka 1525 Friedrich alifariki. Ndugu yake Johann akashika utawala, akaivunja kwaya ile, ingawa Luther na Melanchthon waliitetea. Twaona hapa udhaifu wake: ilikuwa mali ya bwana mmoja, nayo iliishi kwa mfuko wake tu.

Lakini Walter hakunyamaza. Katika mji wa Torgau aliwakusanya wenyeji pamoja na wanafunzi wa shule ya Kilatini, akawafundisha kuimba kanisani. Watu wazima walisimama pamoja na watoto, na hao watoto ndio waliokuwa akiba ya kwaya. Tarehe 5 Oktoba 1544 Luther alipoliweka wakfu kanisa la ngome ya Torgau, Walter alilitungia wimbo wa sauti saba. Mwaka 1548 aliitwa Dresden kuongoza kwaya ya mtawala mpya, lakini uimbaji wa Torgau haukukoma. Mwaka 1554 alirudi huko kupumzika, akafariki mwaka 1570.

Enyi walimu, kwaya hukua kwa mizizi, wala si kwa sifa. Basi tujiulize katika mashauri yetu:

1. Mwalimu wa kwaya akihamishwa, ni nani atakayeshika kazi yake?
2. Je, watoto wanafundishwa sauti zote, au wanasikiliza tu?
3. Je, kwaya yetu ni ya usharika mzima, au ni ya mfadhili mmoja?

Usharika ukiweza kuyajibu haya vema, wimbo wake hautakwisha.